Nani Alisugua Jiwe Hili? Kuainisha Zana za Mawe za Ufipa

(Mhadhara uliosomwa Sumbawanga mbele ya walimu, wanafunzi na wazee. Maneno yaliyosemwa papo hapo kwa wasikilizaji yameachwa kama yalivyokuwa.)



  Nawashukuru kwa kuacha mashamba msimu huu wa mavuno mkaja kusikiliza habari za mawe. Mzee mmoja amenisimamisha pale mlangoni akaniuliza kama nimekuja kutafuta mali iliyofukiwa na Wajerumani. Nimemjibu hapana, na nawajibu na wengine mnaojiuliza kimyakimya: hapa hakuna rupia, hakuna zebaki, wala sina ramani ya boma la Kasanga mfukoni. Nina mawe manne tu, haya yaliyo mezani, na nimeyaandika kwa chaki A, B, C na D. Ni mawe ya kufundishia, hayakutolewa katika hazina yoyote ya taifa, kwa hiyo mtayashika bila hofu.

Mada niliyopewa ni uainishaji wa zana za kale za mawe yaliyosuguliwa katika mikusanyo ya makumbusho. Lengo langu ni jembamba kuliko mada. Nataka kuwashawishi kwamba jiwe laini likifika mbele yetu, maswali mawili tunayoyakimbilia, yaani umri wake na jina la umbo lake, yasubiri. Yatanguliwe na mengine mawili: lilisuguliwa na nini, na lilikutwa wapi. Anayeanza na umri na umbo hujaza kabati haraka, kisha watakaokuja nyuma yake hawawezi kuyajua tena yale aliyoyaruka.

Kabla sijaendelea, mawe yapite mkononi. Kila mmoja aamue moyoni ni lipi la kale kuliko mengine, kisha nitaomba mikono.

Hoja ya kwanza: kusuguliwa kwa jiwe si tarehe

Desturi ya kuyapanga mawe kwa wepesi wa macho ina historia, na haikuanzia kwetu. Mwaka 1819 Christian Jürgensen Thomsen aliwafungulia watu makumbusho ya mambo ya kale jijini Copenhagen, akiwa amevigawa vitu katika zama tatu: mawe, shaba nyeusi na chuma. Mwongozo wake ulichapishwa mwaka 1836. Ulikuwa mpango mzuri kwa Denmark, kwa sababu Thomsen hakuangalia kitu kimoja kimoja. Aliangalia vitu vilivyokutwa pamoja katika kaburi moja au shimo moja. Jambo hilo watu wengi walilisahau. Mwaka 1865 Mwingereza John Lubbock alizigawa zaidi zile Zama za Mawe: zama za kale za mawe yaliyochongwa kwa kugongwa, na zama mpya za mawe yaliyosuguliwa yakalainika. Tangu hapo kusugua kukawa alama ya hatua. Jiwe likiwa laini, basi mwenyewe ni mkulima, anafuga, anafinyanga vyungu, na yuko ngazi moja juu ya jirani yake mwenye jiwe lenye kingo kali.

Afrika haikutosha ndani ya vazi hilo. Mwaka 1929 John Goodwin na Clarence van Riet Lowe, wakiandika juu ya kusini mwa bara, waliyaweka kando majina ya Ulaya wakatumia Zama za Mawe za Mwanzo, za Kati na za Mwisho. Sababu yao ilikuwa ya kazini: vitu walivyovishika havikufuata mfuatano wa Ulaya. Tazameni jirani zetu wa upande wa pili wa mpaka. Katika mapango na vibanda vya miamba vya Zambia, likiwamo pango la Nachikufu karibu na Mpika, yamekutwa mashoka yenye makali yaliyosuguliwa. Walioyatengeneza walikuwa wawindaji na waokota matunda, hawakuwa wakulima. Huko Australia kipande cha shoka lililosuguliwa kina umri wa miaka kati ya 44,000 na 49,000. Japani nako mashoka ya namna hiyo yalikuwapo zaidi ya miaka 30,000 iliyopita. Kilimo kilikuwa bado hakijazaliwa popote.

Upande mwingine wa mzani uko Kongo. Katika bonde la mto Uele, kaskazini-mashariki mwa nchi ile, yameokotwa mashoka mazuri mno ya hematiti, mazito, mekundu meusi, yanayong'aa. Kwa muda mrefu yaliwekwa katika makabati ya Ulaya chini ya jina la zama mpya za mawe, kwa kuwa yalikuwa laini. Watafiti walipochimba huko Buru, ushahidi uliyaleta ndani ya Zama za Chuma, karne chache tu zilizopita. Na hematiti yenyewe ni nini? Ni jiwe la chuma. Mtu aliyeishi katika zama za kuyeyusha chuma aliamua kulisugua jiwe la chuma likawa shoka bila kulipitisha motoni. Alikuwa na sababu zake. Sisi tunaomweka miaka elfu nyingi nyuma ya wakati wake ndio tunaopaswa kujieleza.

Sasa naomba mikono. Jiwe A? Watatu. B? Wachache. C, hakuna. D? Naona karibu ukumbi mzima, na Mwalimu pale mbele ameinua mikono miwili.

Jiwe D, wapendwa, nililisugua mimi mwenyewe, jioni za likizo, kwa maji na mchanga juu ya bamba la jiwe la mchanga. Ndilo jipya kuliko yote manne. (Kicheko.) Msicheke sana, mtaalamu akipewa D peke yake, bila maelezo, hana kifaa cha kumwambia kwa yakini kama lilisuguliwa mwaka jana au miaka 5,000 iliyopita. Umri wa jiwe kama mwamba unaweza kupimwa. Umri wa kusuguliwa kwake hupatikana kwa kupima vitu vilivyolizunguka ardhini: mkaa, mfupa, mchanga.

Hoja ya pili: tumtafute msuguaji kwanza

Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo macho na vidole vinapofanya kazi, na hata mwanafunzi wa darasa la sita anaweza kuifanya akifundishwa. Jiwe hulainishwa na wasuguaji wengi, na kila mmoja huacha mwandiko wake.

Msuguaji wa kwanza ni maji. Chukueni A. Limetoka kijitoni. Ulaini wake umeenea pande zote kwa usawa, hata ndani ya vibonde vidogo, kwa sababu maji na changarawe huingia kila mahali. Halina uso uliobapa ghafla, wala mikwaruzo inayoelekea upande mmoja. Mto unaweza pia kulilainisha jiwe ambalo kweli lilichongwa na mtu: kingo za shoka la mkono lililobebwa na maji huwa butu, na makovu ya kugongwa hufifia. Kwa hiyo hatuwezi kusema tu kwamba laini la mtoni ni bure, litupwe. Tunaandika: umbo la mtu, ulaini wa maji.

Wa pili ni fundi aliyekusudia. Huyu huanza kwa kugonga vipande vikubwa vitoke, kisha hudonoadonoa uso wote kwa jiwe gumu mpaka vinundu vipungue, na mwisho husugua kwa mchanga na maji. Kusugua kwake hugusa sehemu zilizoinuka kwanza. Ndiyo maana katika D mkipitisha kidole mtakuta vibonde viwili ambavyo havikufikiwa, bado vina ukali wa jiwe lililopasuka. Mkiliinamisha mbele ya tochi, mwanga ukija kwa ubavu, mtaona mikwaruzo iliyolala sambamba karibu na makali. Mara nyingi mafundi walisugua makali peke yake wakaacha mwili wa shoka ulivyo, kwani makali ndiyo yanayokata mti, na mwili wenye mparuzo hushikamana vizuri na mpini. Shoka lililosuguliwa mwili mzima linadai swali la ziada: kwa nini mtu ajichoshe hivyo? Huenda ni fahari, au mali ya mahari, au kitu cha tambiko. Tusijibu haraka, ila swali liandikwe.

Kwa yale mawe ya mviringo yenye tundu katikati, yanayojulikana sana upande wa Zambia na kusini mwa Afrika, mwandiko uko ndani ya tundu. Tundu likitobolewa kutoka pande mbili huwa pana midomoni na jembamba kiunoni. Mtu akilitia kijiti cha kuchimbia kwa muda mrefu, kiuno kile hulainika. Kuna mawe yenye tundu ambalo kiuno chake bado ni kikwaruzi: lilitobolewa, halikutumika, au lilitumika kwa kazi nyingine. Rejesta inayoandika "jiwe lenye tundu" na kuishia hapo imepoteza habari hiyo yote.

Msuguaji wa tatu ni kazi yenyewe, na huyu ndiye mwenye mawe mengi kuliko wote. Namzungumzia mama anayesaga. Akina mama mliopo, hasa nyie mliosaga ulezi kabla ya mashine kufika kijijini, hili ni somo lenu na mimi ni mwanafunzi. Jiwe B ni jiwe la juu, lile la kushikwa kwa mikono. Tazameni nyuso zake mbili zilizobapa na kukutana kwenye mgongo: lilitumiwa upande mmoja, likageuzwa. Jiwe la chini nalo husema namna alivyokaa msagaji. Akipiga magoti na kusukuma mbele na kurudi, baada ya miaka mingi jiwe huwa na bonde refu kama mtumbwi. Akizungusha mkono, bonde huwa la duara.

Kuna jambo ambalo katika makabati mengi halieleweki kabisa. Jiwe la kusagia likilainika sana, halisagi, nafaka huteleza. Mwenye nalo huligongagonga kwa jiwe gumu ili lipate meno upya. (Mama mmoja: "Kila baada ya siku chache!") Asante, mama. Basi jiwe la kusagia linalong'aa kama kioo ni jiwe lililoachwa, au lililohamishiwa kazi nyingine, na jiwe lenye vidonda vidogo vidogo usoni halikuharibika bali lilikuwa kazini mpaka siku ya mwisho. Mpangaji asiyejua hili atalipa lile laini heshima ya kuwekwa mbele na lile lenye meno ataliita bovu.

Wa nne ni wasuguaji wadogo, nitawapitia upesi. Mfinyanzi hulainisha chungu kibichi kwa kokoto. Hilo ndilo C, ambalo hakuna aliyelipigia kura. Ni kokoto la mtoni, lakini lina vibapa viwili vidogo vyenye mikwaruzo myembamba ya udongo wenye chembe za mchanga. Jiwe la kunolea, yaani kinoo, huwa na bonde au mifereji, na wakati mwingine alama za kutu. Jiwe la kupondea dawa au rangi huhifadhi rangi ndani ya vitundu vyake. Na mkono mtupu wa binadamu, wenye mafuta na jasho, hulainisha kitu kinachoshikwashikwa kizazi hadi kizazi.

Hilo la mwisho linanileta kwenye mawe yanayosemwa kuwa yameshuka na radi. Najua niko mji gani, na najua masimulizi ya radi yanayosafiri na jina la Sumbawanga nchi nzima. (Kicheko.) Lakini imani hii si ya Ufipa peke yake. Wayoruba wa Nigeria huyahusisha mashoka ya mawe na Shango, na wakulima wa Ulaya waliyaweka mashoka ya namna hiyo nyumbani ili yazuie radi. Mtu akikuletea jiwe akasema lilikutwa pale radi ilipopiga, usimcheke na usimsahihishe. Andika daftarini alivyosema, katika safu yake. Jiwe lililokuwa shoka miaka elfu iliyopita, kisha likakaa juu ya dari la mtu vizazi vitatu kama kinga, lina historia mbili, na ile ya pili ndiyo tunayoweza kuipata leo kwa kuuliza tu.

Hoja ya tatu: Ufipa ni nchi ya chuma, na jiwe halikuondoka chuma kilipoingia

Tukienda na ngazi ya Thomsen bila kufikiri, tutaamini kwamba siku chuma kilipofika mawe yalistaafu. Nchi hii inakataa. Wafipa walikuwa wayeyushaji wa chuma hodari, na matanuri yao marefu, malungu, yenye kimo cha mita tatu hivi na wakati mwingine zaidi, ni katika mambo yaliyoandikwa sana kuhusu ufundi wa Afrika. Ilungu halikuvukutwa. Lilijengwa na kuzungushiwa mabomba ya udongo chini, upepo ukaingia wenyewe kwa nguvu ya moto. Kilichotoka kilikuwa bado kimechanganyika na taka, kikapelekwa katika tanuri dogo, kintengwe, lenye mivukuto, kusafishwa tena. Baada ya hapo ndipo mhunzi alipopata chuma cha jembe na shoka. Kazi hiyo ilidumu hadi miongo ya mwanzo ya karne ya 20, majembe ya kiwandani yalipoishinda kwa bei.

Hesabuni sasa mawe katika safari hiyo ya chuma. Jiwe la kupondea mawe ya chuma. Jiwe kubwa la kufulia, fuawe. Jiwe la mkononi la kupigia chuma kingali na taka. Kinoo cha kutia makali. Na nyumbani kwa mhunzi, jiwe la kusagia ulezi wa wageni waliokuja kununua majembe. Mawe yote hayo hulainika, na yote ni ya Zama za Chuma. Mtu akiyaokota leo katika shamba la Nkasi, juu ya ardhi, bila kutazama kama kuna mavi ya chuma au vipande vya mabomba karibu, ataandika nini? Ataandika "Zama za Mawe", na hapo atakuwa ameihamisha karakana nzima.

Profesa Bertram Mapunda alifanya utafiti Nkasi kwa ajili ya tasnifu yake ya mwaka 1995, akatuonyesha njia. Watu walikuwa wakiuona uyeyushaji wa Ufipa kama jambo moja, malungu basi. Yeye alitembea nchi, akalinganisha ukubwa wa matanuri, mabomba, mavi ya chuma na mahali yalipo, akatenga aina zaidi ya moja za uyeyushaji, ikiwamo ile ya matanuri mafupi ya katukutu. Angekuwa amekusanya mabomba mazuri tu akayapeleka kabatini, tofauti hizo zisingeonekana kamwe. Mimi nadai tu kwamba mawe yapewe uangalifu uleule yaliopewa mavi ya chuma.

Hoja ya nne: jiwe lisilo na mahali

Ugomvi wa kupanga vitu kwa aina au kwa mahali una umri mkubwa katika makumbusho. Mwaka 1887 Otis Mason wa Smithsonian kule Washington alikuwa akipanga vitu kwa aina: pinde zote pamoja, mawe ya kusagia yote pamoja, kutoka dunia nzima, kuanzia yaliyoonekana duni hadi yaliyoonekana bora. Franz Boas, aliyekuwa bado kijana, alimpinga hadharani katika jarida la Science. Alisema kitu kinaeleweka miongoni mwa vitu vya watu walewale wa mahali palepale, kwa sababu vitu viwili vinavyofanana vinaweza kutokana na sababu mbili tofauti. Mimi ni wa upande wa Boas, nakiri. Lakini sipuuzi faida ya Mason: mtu anayetaka kulinganisha makali ya mashoka mia hawezi kukimbia stoo hadi stoo. Siku hizi jibu ni rahisi. Mawe yakae stooni kwa mahali yalipotoka, na orodha ndiyo ipangwe kwa aina.

Afrika Mashariki ililipia somo hili. Katika pango la mto Njoro nchini Kenya, Mary na Louis Leakey walichimba mwaka 1938 wakakuta maziko ya watu waliochomwa, pamoja na bakuli za mawe, michi, mawe ya kusagia na shanga, ya miaka 3,000 hivi iliyopita. Bakuli za mawe zilikutwa pia Hyrax Hill karibu na Nakuru, na huku kwetu katika makaburi ya kreta ya Ngorongoro. Bakuli zilipendeza mno, hata zikapewa utamaduni mzima kwa jina lao, na kila mahali penye bakuli pakaingizwa humo. Baadaye watafiti walipotazama vyungu, mawe yaliyochongwa, mazishi na mifupa ya mifugo, kundi hilo likapasuka: wafugaji wa namna zaidi ya moja walikuwa wakitumia bakuli zinazofanana. Chombo kimoja kizuri kilikuwa kimewafunika watu mbalimbali kwa blanketi moja.

Na mfano mkubwa wa thamani ya mahali uko hapa hapa, mpakani mwa wilaya ya Kalambo. Ndugu zangu wa Matai mnayajua maporomoko ya Kalambo kwa urefu wake, zaidi ya mita 200 za maji yanayoanguka. Dunia ya akiolojia inayajua kwa udongo ulioko juu yake. Desmond Clark, aliyekuwa akiongoza makumbusho ya mji wa Livingstone, alianza kazi pale mwaka 1953 na kuirudia mara kadhaa. Alikuta tabaka juu ya tabaka, kutoka mashoka ya mkono ya kale mno hadi vyungu vya wakulima wa mwanzo wa chuma, na hata miti iliyohifadhiwa na unyevu. Mwaka 2023 kundi lililoongozwa na Larry Barham wa Chuo Kikuu cha Liverpool lilitangaza magogo mawili yaliyounganishwa kwa mkato, kazi ya mikono ya watu, ya angalau miaka 476,000. Wao hawakuupima umri huo kwenye gogo. Waliupata kwa kupima punje za mchanga uliolifunika, ili kujua lini ziliona jua kwa mara ya mwisho. Mtu angelichomoa gogo lile akalisafisha na kulipeleka mjini likiwa linang'aa, lingebaki kuni.

Upande alikochimba Clark ni Zambia, na vitu alivyovipata ni vya kwao kwa haki. Mto haukuwauliza wale watu wa kale pasipoti, hata hivyo, na bonde lina kingo mbili. Wanafunzi wa upande huu wana sababu ya kutembea na daftari.

Hoja ya tano: daftari la kupokelea

Nimeombwa na walimu niseme wazi, mtu afanye nini jiwe likiletwa shuleni. Nitaanza na makatazo. Msilioshe. Katika vitundu vya jiwe la kusagia hukaa chembe za wanga za nafaka iliyosagwa, na hadubini inaweza kuzitambua. Brashi na sabuni huziondoa kwa dakika moja. Msilipake mafuta wala vanishi ili ling'ae, kwa maana mtakuwa mmejiongeza katika orodha ya wasuguaji. Msiandike namba kwenye makali wala kwenye uso uliosagia. Namba huandikwa ndogo, mahali pasipofanya kazi, juu ya utando mwembamba wa gundi inayoweza kuondolewa.

Kisha daftari. Safu ya kwanza kabisa, kabla ya jina la kitu, iwe mahali: kijiji, kitongoji, shamba, mteremko au bonde, juu ya ardhi au kina gani, na vitu gani vilikuwa jirani. Katika mashamba yetu ya ntumba, ambako udongo hugeuzwa na kurundikwa kila msimu, jiwe huhama tabaka, kwa hiyo iandikwe pia kama lilitoka ndani ya tuta. Safu ya pili, aliyelileta alisema nini. Ya tatu, jiwe la aina gani. Usipojua, andika rangi, uzito na kama linakwaruza kioo. Ya nne, msuguaji au wasuguaji, na ulaini uko upande gani. Vipimo vifuate. Jina la zana ndilo liwe la mwisho, na liandikwe kwa penseli.

Kwa penseli, nasema, kwa sababu mawe hubadili kazi. Jiwe la chini la kusagia likichakaa hugeuzwa tumbo likawa fuawe. Likipasuka, kipande huwa kinoo. Kipande cha kinoo huishia kwenye msingi wa nyumba. Rejesta yenye nafasi ya jina moja humlazimisha mwandishi kuchagua maisha ya aina moja na kuyafuta mengine. Tuwe na nafasi tatu.

Yanayofuata

Ndugu Mwenyekiti, makumbusho yetu ya taifa yalifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1940, na Chuo Kikuu kikaanza kufundisha akiolojia mwaka 1985. Kutoka hapa hadi huko ni zaidi ya kilomita 1,000, na si kila jiwe la Rukwa linahitaji nauli hiyo. Linachohitaji ni kuandikwa. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inavilinda vitu vilivyotengenezwa na watu kabla ya mwaka 1863, na inakataza kuvichimba bila kibali. Kwa hiyo sisemi shule zichimbe. Hilo nalikataza mbele ya wote. Nasema shule ziandike yale ambayo jembe la mkulima limekwisha kuyaleta juu, na habari zipelekwe kwa maofisa wa mambo ya kale.

Ningependa tuanze na mawe ya kusagia, kabla ya shoka lolote. Hayana mvuto kwa wageni, ni mazito, na kila kijiji kinayo nyuma ya nyumba. Lakini ni mawe yaliyosuguliwa ambayo watumiaji wake bado tunao. Mama aliyesaga ulezi akiwa msichana anaweza kutuonyesha alikaaje, jiwe lilitoka mlima gani, nani alilibeba, liligongwa meno mara ngapi na nani alirithi. Mwanafunzi akilipima jiwe hilo, akalipiga picha kwa mwanga wa ubavuni na kuandika majibu ya bibi yake, tutakuwa na jedwali la kulinganishia: ulaini huu ulitokana na ulezi, huu na mahindi, huu na mihogo mikavu. Siku mtafiti atakapokuta jiwe lisilo na msemaji, kwenye bonde la Kalambo au mteremko wa Mbizi unaoshuka Ziwa Rukwa, atalisoma kwa jedwali hilo.

Walimu wa Kaengesa, Chala na hapa mjini wamekubali kukutana nami kesho asubuhi kuandaa kurasa za daftari. Wenye mawe ya kusagia ya mama zao wanakaribishwa kuja nayo, au waje na picha kama ni mazito. Mama uliyesema pale nyuma juu ya kugonga meno, tafadhali usiondoke kabla hatujazungumza. Sasa napokea maswali.